Shajara ya unga wa mtoto, Ujiji: mchanga, kimea na bakuli la gramu 180

Septemba 3

Haya, leo nimeanza rasmi. Mwezi mzima nilikuwa naongea tu, ntapima ntapima, mpaka shangazi akanicheka akasema we mtoto umesoma diploma ya sayansi ya chakula ili uje kuosha masufuria yangu? Chanzo chenyewe ni hiki: shangazi anasaga unga wa lishe hapa nyumbani Ujiji na kuuza kwa majirani na kule sokoni Mwanga, mifuko ya kilo moja, na wiki iliyopita alikuja mama mmoja ana mtoto wa miezi kumi, kachukua mfuko kaugeuza kaniuliza, dada, hii inampa nini mwanangu? Nikaanza kutaja vilivyomo. Akasema hapana, vilivyomo vimeandikwa, nauliza inampa nini. Nikakosa la kusema kwa kweli.

Kwa hiyo swali la mradi ni la yule mama, sijaliongezea kitu.

Unga wa shangazi una vitu tisa: mahindi, mtama, ulezi, mchele, ngano, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa. Mi naona ni vingi mno. Nafaka tano humo ndani zinafanya kazi ile ile moja ya kuleta wanga, ukiongeza ya sita hujaongeza kitu cha maana. Tena mtoto akitokwa na vipele hujui umlaumu nani kati ya tisa. Shangazi hakubali, anasema wateja wanahesabu, mfuko wa vitu tisa unaonekana wa maana kuliko wa vitu vinne. Tumebishana mpaka chai ikapoa. Mwisho kanipa kilo zangu nijaribu wa vitu vinne, yeye anaendelea na tisa yake.

Septemba 5

Nimechagua: mahindi dona, maharage ya Kasulu, karanga, dagaa. Vyote vinapatikana hapa hapa bila kusubiri lori la mtu. Mahindi na maharage ni ndoa ya siku zote, protini ya mahindi ina upungufu wa lisini na maharage yanayo, maharage nayo yana upungufu wa methionini ambayo mahindi yanayo (hivyo viwili ni vijenzi vya protini), ndo maana makande yamelea watu. Karanga zinaleta mafuta. Dagaa analeta protini nzito na madini ya chuma na zinki ya aina ambayo mwili unaifyonza kirahisi kuliko ile ya kwenye nafaka, maana ya kwenye nafaka na maharage imeshikwa na fitati, kitu cha asili kwenye mbegu kinachofunga madini.

Soya nimeiacha. Soya bila kukaangwa vizuri ina vitu vinazuia protini isisagike tumboni na mi nimemwona shangazi akiikaanga, anaikaanga juu juu. Sijamwambia bado.

Kwa uzito, kila gramu 100: mahindi 70, maharage 15, karanga 10, dagaa 5. Nimepiga hesabu kwa majedwali ya chakula nikapata protini karibu 15, mafuta kama 8, nishati kama kilokaloria 380. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Tuone.

Septemba 8

Nimeenda mwalo wa Kibirizi asubuhi nikarudi na nusu ya nilichotaka. Mbalamwezi. Nilisahau kabisa, mtu mzima nimezaliwa hapa. Mwezi ukiwa mpevu taa za mitumbwini hazivuti dagaa, wavuvi wengi wanapumzika, wanasubiri giza, kwa hiyo wanaoanika ni wachache na bei imepanda. Nilipata sado moja kwa mama mmoja anayeanika chini mchangani, wale wa kwenye chanja walikuwa wameisha. Nikasema dagaa ni dagaa.

(Kumbuka hiyo sentensi.)

Septemba 9 mpaka 11

Kuandaa. Maharage ndo kazi. Huwezi kusaga maharage mabichi ukamwekea mtoto kwenye uji wa dakika kumi, maharage mabichi yana sumu yake ya asili na inataka kuchemka sawasawa. Nimeloweka usiku, asubuhi nimefikicha maganda yakaelea nikayamwaga, nikachemsha nusu saa maji yanatokota kweli kweli, nikaanika siku mbili, halafu nikakaanga kidogo yapate harufu. Karanga nimechambua moja moja mezani, zilizosinyaa, zenye weusi, zenye ukungu, zote pembeni, na hizo za pembeni sikuwapa kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye hiyo sumu, kwa hiyo kwenye karanga na mahindi siwezi kuleta huruma ya kubana matumizi. Mahindi nayo nimechambua hivyo hivyo.

Dagaa nimepepeta tu, nikakaanga kavu.

Mashineni kulikuwa na foleni na mbele yangu mtu kasaga muhogo. Nikamwomba kijana wa mashine apitishe kwanza kilo moja ya mahindi yangu iondoe ule muhogo uliobaki kwenye mashine, hiyo nikaiweka mbali, ndo ukafuata wa mradi. Kaniangalia kama mwehu. "Dada unga ni unga."

Septemba 13

Unyevu nimepima mwenyewe. Nimeomba oveni kwa jamaa anayeoka mikate, mchana ikiwa haina kazi, na mzani wa jikoni unaosoma sehemu ya kumi ya gramu. Gramu 50 za unga kwenye sahani ya bati, nyuzi 105, nikawa natoa kila baada ya saa nzima napima mpaka uzito ukakataa kushuka. Umegoma kwenye 45.2. Kwa hiyo unyevu ni asilimia 9.6. Safi, unga mkavu hivyo hauoti ukungu haraka ukifungwa vizuri. Umeme ulikatika mara moja katikati nikarudia mwanzo.

Protini na mafuta siwezi, hiyo inataka asidi na mitambo ya maabara. Protini wanachemsha sampuli kwenye asidi kali ya salfa mpaka naitrojeni yote itoke wanaipima, halafu wanazidisha kwa 6.25 ndo wanapata protini. Mafuta wanayavuta kwa kimiminika cha petroli. Majivu wanachoma kwenye tanuru nyuzi 550 mpaka kibaki kilichogoma kuungua, hayo ndo madini. Wanga hawapimi, wanatoa kwa 100 vile vingine vyote na kinachobaki wanakiita wanga. Nilitaka kutuma sampuli sita, hela imetosha mbili, moja wa vitu vinne na moja wa shangazi wa tisa. Nimefunga mara mbili kwenye mifuko mizito nikapeleka stendi.

Septemba 29

Hamna majibu. Nimepiga simu maabara mara tatu, mara mhusika yuko kikaoni, mara mashine ina hitilafu, mara tutakutumia meseji. Sitaji jina la maabara maana huenda ntawahitaji tena.

Wakati nasubiri nimekaa na akina mama sita wa mtaani nikawaomba kila mmoja apike uji wa mtoto kama anavyopika siku zote, asinionyeshe ustaarabu. Nikapima unga wanaotia, maji, na uji uliotoka.

Hapa ndo mradi ulipogeuka. Yule mama aliyeniuliza swali, wake ulikuwa hivi: vijiko vinne vya kulia vilivyojaa, gramu 60, maji vikombe vitatu vya robo lita, uji uliotoka gramu 690. Laini kabisa, unatiririka, mtoto anakunywa kwa kikombe. Nikachukua kalkuleta. Kama unga una kilokaloria 380 na kitu kwa gramu 100, gramu 60 zina kama 230, zigawe kwa 690, kila gramu ya uji ina kama 0.33 hivi. Bakuli la mtoto linabeba gramu 180. Yaani bakuli zima ni kilokaloria 60. Akila mara tatu ni 180.

Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miezi 9 mpaka 11 anayenyonya kawaida anahitaji kama 300 kutoka kwenye chakula cha nyongeza kwa siku. Wa miezi 6 mpaka 8 ni 200, na kuanzia mwaka mpaka miwili ni 550. Huyu wa miezi kumi anapata 180 na anamaliza bakuli na tumbo limejaa tiii. Mama anasema anashiba. Ni kweli anashiba, anashiba maji. Tumbo la mtoto wa kilo nane linabeba kama mililita 240 kwa mlo, halina pa kuongeza.

Mwezi mzima nabishana na shangazi kuhusu vitu vinne au tisa. Na vyote viwili vikiingia kwenye lita moja ya maji vinakuwa kitu kimoja.

Septemba 30

Nikamwambia yule mama, basi ongeza unga. Akaongeza mbele yangu, gramu 90 kwa vikombe viwili visivyojaa, mililita 450. Kabla haujaiva ukawa umeshikana na mwiko. Akanitazama. "Dada, huu si ugali?" Mtoto kaukataa, kautema kwenye kanga ya mama. Wanga ukipata moto unakunywa maji unavimba, ndo tabia yake, kwa hiyo mama yeyote mwenye akili anaongeza maji mpaka mtoto aweze kumeza. Siwezi kumlaumu.

Oktoba 2

Nimekumbuka kimea. Darasani tulifundishwa kwamba Taasisi ya Chakula na Lishe ilishughulika na hii kitu tangu miaka ya 1980, unaotesha nafaka, inapoota inatengeneza kimeng'enya cha kukata wanga, ukitia unga wake kidogo kwenye uji mzito uji unalainika bila kuongeza maji. Nilijibu vizuri kwenye mtihani halafu nikasahau, ndo elimu yetu.

Ila kuotesha sikuwahi. Anayejua ni bibi mmoja mtaa wa pili, anapika pombe ya kienyeji. Nikaenda jioni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kunywa?"

"Hapana bibi, nimekuja kujifunza kuotesha ulezi. Wa uji wa watoto."

Kacheka mpaka kakohoa, kaita jirani aje asikie. Lakini kanifundisha, na kwa kirefu kuliko mwalimu wangu yeyote. Ulezi sio mtama, kasema, na hapo yuko sahihi hata bila kujua kemia yake, maana machipukizi ya mtama yana sumu ya sianidi kidogo na lazima uyaondoe yote, ulezi hauna shida hiyo. Loweka kuanzia jioni mpaka asubuhi. Chuja. Tandaza kwenye gunia lililolowa, funika na jingine, nyunyiza maji asubuhi na jioni, siku mbili mpaka tatu mpaka vimizizi viwe vyeupe kama uzi wa ushonaji. Kisha jua kali, fikicha machipukizi yatoke, pepeta, saga. "Ukiona unanuka vibaya usiniletee hapa, mwaga."

Oktoba 6

Umenuka vibaya. Nilitandaza mnene mno, kama godoro, chini kukapata joto na ukungu wa kijani. Nimemwaga wote.

Oktoba 10

Wa pili umetoka vizuri, mwembamba kama kitambaa, harufu ya majani mabichi. Umekauka siku moja na nusu, bahati mvua hazijaanza.

Jaribio la kwanza la kimea limefeli na kosa ni langu. Uji mzito, gramu 90 za unga kwa mililita 450, unatokota, nikatia kijiko cha chai cha kimea hapo hapo jikoni, nikakoroga, nikasubiri. Hamna kitu. Nikaongeza kingine. Hamna. Nikataka kumpigia bibi simu halafu nikajigonga paji la uso, kimeng'enya ni protini, nimekichemsha, kimekufa kabla hakijashika kazi.

Mara ya pili nimeipua sufuria, nikaiacha mpaka kipimajoto kikasoma 65, nikatia kijiko kimoja cha chai, nikakoroga. Na hapa nataka kuandika nilichokiona maana nilikuwa peke yangu jikoni na hamna wa kumwambia. Dakika ya kwanza mwiko ulikuwa unasimama wenyewe. Dakika ya tatu ukaanza kuinama pole pole, kama mtu anayesinzia kwenye basi. Ya tano ukaanguka ukagonga ukingo wa sufuria, nikainua, uji ukashuka kwenye mwiko kama asali na baadae kama maziwa mgando. Maji yale yale, unga ule ule. Nimeurudisha jikoni ukachemka tena dakika kadhaa, hiyo lazima, maana nafaka iliyooteshwa inabeba vijidudu na kimea kimeingia baada ya moto wa kwanza. Ukiuchemsha kimeng'enya kinakufa na uji unabaki pale pale ulipofikia.

Umeonjeka mtamu kidogo bila sukari. Wanga ukikatwa unatoa sukari zake wenyewe.

Oktoba 12

Nataka namba ya ulaini, sio "kama asali". Nimekata kipande cha bomba la plastiki la sentimita tano, nimechora duara ndani ya duara kwenye karatasi, juu yake kioo cha dirisha cha zamani. Unaweka bomba katikati, unajaza uji ukiwa na nyuzi 45, unainua bomba, unasubiri dakika moja kwa saa ya simu, unapima umetambaa wapi pande nne unachukua wastani. Uji wa yule mama wa siku zote ulitambaa sentimita 7. Mzito bila kimea 1.5, ulikaa tu pale kama kichuguu. Mzito wenye kimea 6.5. Nimerudia mara tatu tatu, hazipishani sana.

Kwa hiyo mtoto anapata uji ule ule wa kunywa na unga ndani yake ni zaidi ya mara mbili.

Oktoba 15

Majibu ya maabara yamekuja! Mwezi na siku mbili. Wa vitu vinne: unyevu 9.5 (wangu ulikuwa 9.6, mzani wa jikoni oyee), protini 14.1, mafuta 7.8, majivu 3.3, wanga 65.3 ambao ndani yake nyuzinyuzi zimejumlishwa kwa hiyo usiuamini wote. Nishati: 14.1 mara 4, 7.8 mara 9, 65.3 mara 4, jumla kama 388.

Wa shangazi wa vitu tisa, protini 12.8, mafuta 7.1. Tofauti sio ya kugombania. Shangazi kasoma karatasi, kavua miwani, kasema "sasa nimeshindwa nini hapo?" Hajashindwa. Ila ana gharama za vitu vitano zaidi kwa kitu kile kile. Hilo kalinyamazia na mi nimelinyamazia, ni mkubwa wangu.

Kitu kinachonisumbua ni majivu. Hesabu yangu ya majedwali ilikuwa 2.3, maabara 3.3. Mtu mwingine angefurahi, madini mengi hayo, angeandika kwenye mfuko. Mi sijafurahi, gramu nzima ya madini inatoka wapi?

Oktoba 16

Inatoka mchangani pale Kibirizi.

Nimepima gramu 100 za dagaa wale waliobaki, nikawaosha kwenye beseni, nikakoroga, nikawatoa, nikaacha maji yatulie, nikamwaga taratibu, nikarudia mara nne. Kilichobaki chini nimekikausha kwenye bati. Gramu 17. Mchanga mweupe mzuri wa ziwani, ungeweza kujengea. Dagaa wangu gramu 5 kwenye kila 100 za unga zilikuwa na mchanga karibu gramu nzima, na tanuru halichagui, mchanga hauungui basi unahesabika majivu. Maabara wangetia asidi kwenye yale majivu, madini halisi yangeyeyuka na mchanga ungebaki, ila sikulipia hicho kipimo. Shangazi naye anajua kitu, kasema siku zote akisaga dagaa anasikia unga unalia kwenye meno, ila akadhani ni mifupa.

Oktoba 18

Giza limerudi, Kibirizi kumejaa. Nimenunua wa chanjani kwa mama mwingine, ghali kidogo, nimemuuliza sana mpaka kanuna. Nimeosha gramu 100, mchanga umetoka 1. Moja. Kwa hiyo bei ya juu kumbe sio ya juu, wale wa mchangani katika kila kilo nilikuwa nalipia gramu 170 za ufukwe.

Hata hawa nawaosha na kuwaanika upya kabla ya kusaga. Vichwa siondoi, vina kalsiamu.

Oktoba 21

Mawese. Kigoma yenyewe ndo nyumbani kwa michikichi na nusu ya akina mama hawamwekei mtoto, wanasema mazito, yanakaba. Mafuta ni kilokaloria 9 kwa gramu na mawese mekundu yana karotini ambayo mwili unaigeuza vitamini A. Kijiko cha chai ni kama kilokaloria 40. Shida ni upishi, wengi wanayachoma kwanza mpaka yatoe moshi yawe meupe, ladha ile kali iondoke. Nimeyachoma nusu kwenye kikaango nusu nikaacha, nikaweka vikombe viwili vya kioo dirishani. Kimoja rangi ya jua linazama ziwani, kingine kama chai ya majani ya jana. Ile rangi iliyokimbia ndo karotini yenyewe. Nikawaonyesha wale mama sita, sikusema neno, mmoja akasema "kumbe tunachoma dawa." Kwa mtoto yanaingia mwishoni uji ukiwa umeipuliwa, wala hayachomwi.

Hesabu mpya: unga gramu 90, maji 450, uji uliotoka 480, kila gramu 0.73. Bakuli la 180 lina 131, na kijiko cha mawese 40, ni 171 mahali palipokuwa na 60. Kiwango kinachopendekezwa ni angalau 0.8 kwa gramu, na mawese yakiingia tunafika 0.9 na kidogo.

Oktoba 24

Maneno yameanza mtaani. Kwamba nawapa watoto kimea cha pombe. Mama mmoja kati ya sita kajitoa, mume kakataa, na nimemwelewa, jina ni lile lile na bibi ni yule yule. Nimeenda na shangazi nyumbani kwao jioni, shangazi kaongea yeye, mi nimekaa kwenye mkeka kimya. Kawaeleza pombe inataka siku na chachu, huu uji unakaa dakika tano na unachemshwa tena. Mzee kaomba aonje. Kaonja, kaomba kikombe. Hajasema ndiyo lakini hajasema hapana.

Bibi mwenyewe kasikia na anaona raha, anaita uji "mdogo wangu".

Oktoba 27

Mvua ya kwanza. Kimea cha tatu hakijakauka, kiko kwenye chungio juu ya jiko la mkaa kinapata joto la mbali. Kikiungua kinakufa, kwa hiyo nakigeuza kila saa. Sijui Novemba yote itakuwaje, mvua ikishika hapa inashika.

Oktoba 30

Chai. Nimegundua watatu kati yao wanampa mtoto chai ya rangi na uji. Chai inazuia madini ya chuma kufyonzwa, dagaa wote ule tuliouosha unapita tu. Nimewaomba chai isubiri na badala yake kipande cha papai au maji ya chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Maembe yanakaribia, hilo litajimaliza lenyewe.

Novemba 4

Nimeenda kwa yule mama wa swali. Kapika mwenyewe, mi nilishika mzani tu. Kaipua, kangoja, hana kipimajoto kwa hiyo tumekubaliana njia yake: anahesabu mpaka mvuke upungue na aweze kugusa ubavu wa sufuria kwa kidole na kukitoa haraka bila kupiga kelele. Nilipima kwa siri, 63. Katia kimea, kakoroga, kachemsha tena, kaipua, kaweka mawese.

Bakuli likiwa limejaa, 185. Mtoto kala akiwa amekaa mapajani kwa mama, akachezea kijiko, akaomba tena, akageuza uso, akarudi, mwisho kaziba mdomo kwa mkono. Nikapima bakuli na kilichobaki, nikatoa uzito wa bakuli. Kimebaki gramu 31, na kidogo kiko kwenye fulana yangu ambacho sikuweza kukipima.

Gramu 154. Kilokaloria kama 142 kwa mlo mmoja.

"Kwa hiyo inampa nini?" kaniuliza tena. Nikamwandikia nyuma ya karatasi ya maabara kwa kalamu nene, namba ya bakuli moja, sio ya mfuko. Kaibandika ukutani juu ya mtungi, halafu kaniuliza kama kimea kitapatikana wiki ijayo maana mawingu hayo. Nimemwambia kesho nakwenda kwa bibi tuone kama banda lake la pombe lina nafasi ya gunia moja chini ya paa.